Shangazi Kaja Mbele ya Dubu

Kwa kuwa video imekwisha kusambaa, na kwa kuwa mwenzangu aliyeirekodi ameiwekea maelezo yanayodai kwamba nilimwona dubu aliyekaushwa nikadhani ni mzima, nikapiga kelele na kumwita mama yangu, naona ni haki yangu kueleza mambo yalivyokuwa kabla uongo huo haujaota mizizi. Sikumwogopa dubu. Sikumwita mama. Kilichotokea ni kibaya zaidi ya hicho, ndiyo maana nimechelewa kuandika, na hata sasa ninaandika nikiwa nimekalia upande mmoja, kwa sababu upande wa pili bado hautaki kuguswa na kiti.

Mwenzangu huyo, ambaye sitamtaja jina ingawa hastahili sitara hiyo, anaishi Longyearbyen katika visiwa vya Svalbard, kwenye nyuzi 78 za kaskazini, mahali ambapo ukisogea mbele kidogo tu unaishiwa na dunia. Ni mji wa wachimbaji wa makaa ya mawe, na jina lake limetokana na Mmarekani John Munro Longyear, ambaye kampuni yake ilianza kuchimba huko mwaka 1906. Mgodi wa mwisho wa Wanorwei visiwani humo, unaoitwa Gruve 7, ulifungwa Juni 2025, na wakazi wapatao 2,500 waliobaki wanaishi kwa utalii, kwa utafiti na kwa kuhudumiana wao kwa wao. Yeye ni mpishi katika nyumba moja ya wageni. Mchana kutwa anawapikia watalii samaki na viazi, na usiku, kwa maneno yake mwenyewe, analala akiota ugali.

Aliponipigia simu kunialika kwenye sherehe ya kurudi kwa jua, nilifurahi bila kutambua kwamba nimeajiriwa uchukuzi. Huko jua huzama mwishoni mwa Oktoba lisionekane tena, na hata likianza kuchungulia mwezi Februari, milima huuzuia mji usiguswe na miale yake hadi kufikia tarehe 8 Machi, siku ambayo watu hukusanyika kwenye ngazi za hospitali ya zamani kulisubiri. Mwaliko ulikuwa mtamu, ila chini yake ilifuata orodha: unga wa sembe, dagaa wa Kigoma, bamia zilizokaushwa, pilipili za kusaga, na mwiko. "Lakini mwiko wa kweli, kaka," aliongeza, "si hivi vijiko vya kukorogea chai." Kumbe muda wote huo amekuwa akisonga ugali kwa kijiko cha plastiki ambacho kilikwisha kupinda na sasa kinaelekea kinakotaka chenyewe.

Mimi ninao mwiko, na wanaonifahamu mnaujua. Ni mwiko wa shughuli, uliochongwa Tanga kwa mti wa mwembe, wenye urefu wa kutoka begani kwangu hadi kwenye vidole, uliokwisha kukoroga masufuria ya harusi na hitima kabla mimi sijazaliwa. Hakuna sanduku langu hata moja lililokubali kuumeza. Ndipo nilipomtoa uvunguni Shangazi Kaja, lile begi la plastiki lenye miraba ya buluu na nyekundu ambalo halihitaji maelezo kwa yeyote aliyewahi kupokea mgeni kutoka shamba. Zipu yake ilikuwa imechoka tangu Dar es Salaam. Nikaiongezea solotepu mizunguko kadhaa, kisha nikamfunga tumboni kwa kanga ya marehemu bibi iliyoandikwa MGENI NJOO MWENYEJI APONE, nikaona nimemaliza kazi. Mwiko ulikaa mshazari, ncha yake ikisukuma kona moja ya begi. Niliiona ile kona. Nikaipigapiga kwa kiganja, nikaiambia itulie.

Pale Oslo nilikuwa na wasiwasi juu ya mambo yasiyostahili wasiwasi. Svalbard ni ya Norwei kwa mkataba uliotiwa saini Paris mwaka 1920, lakini haimo katika eneo la Schengen, kwa hiyo abiria hukaguliwa pasipoti akienda na akirudi hali ya kuwa hajatoka chini ya bendera ile ile. Nilikuwa nimepanga karatasi zangu zote katika bahasha moja, nikawa ninazitoa kabla sijaulizwa. Ofisa alitazama ukurasa mmoja tu, akanirudishia, nami nikatembea kuelekea ndegeni kwa maringo ya mtu aliyeshinda kesi mahakamani. Kuhusu Shangazi, dada wa kaunta alimtazama yeye, akanitazama mimi, akamtazama tena yeye, akambandika lebo bila kusema neno. Mnorwei akinyamaza, ujue ana maoni.

Safari ni ya saa tatu hivi. Jirani yangu kitini alikuwa mzee mmoja aliyefanya kazi migodini tangu ujana wake, mpole, mwenye mikono mipana, na kwa kuwa aligundua kwamba ninasikiliza, alinipa historia ya uwanja tunaokwenda kutua. Zamani, alisema, barafu ya baharini ilipofunga njia ya meli, wachimbaji walikaa miezi mingi bila kuonana na mtu wa nje, na ndege chache zilizothubutu zilitua kwenye bonde la Adventdalen lililoganda. Uwanja wa kweli ulifunguliwa mwaka 1975, nao umejengwa juu ya ardhi ambayo chini yake imeganda mwaka mzima, hivyo barafu ya chini ikilegea, njia ya ndege nayo huumuka na kubonyea mpaka ikarekebishwe. Alinieleza pia kwamba Longyearbyen ukiingia katika nyumba nyingi za wageni, hata makumbusho, unavua viatu mlangoni, desturi waliyoiacha wachimbaji waliokuwa wakirudi na vumbi jeusi la makaa. Nikamwambia kwamba sisi watu wa Pwani tunaijua desturi hiyo bila kuwa na makaa. Akacheka. Tulikuwa marafiki kabisa, na ninawaomba mkumbuke hivyo, kwa sababu mzee huyu atarudi katika kisa hiki wakati ambao nisingependa kuonana naye.

Tulipoanza kushuka nilichungulia nikaona milima ambayo vilele vyake vimekatwa bapa, theluji kila mahali, na ukanda mmoja mweusi uliobanwa kati ya mlima na maji. Ndege iligusa chini, ikaruka kidogo, ikagusa tena. Ninaamini kwamba huko chini kwenye shehena, ni katika mguso ule wa pili ambapo mwiko ulifanya uamuzi wake. Mwenzangu anasema ni baridi iliyoikausha plastiki ikawa inavunjika ovyo, na inawezekana amesema kweli kwa mara moja.

Huko hakuna daraja la kukutoa ndegeni hadi ndani. Unashuka ngazi na kutembea kwa miguu. Nilipovuta pumzi ya kwanza, vinyweleo vya puani viliganda vyote kwa pamoja. Nikainua macho, na juu kwenye ubavu wa mlima nikaona mlango wa zege uliochomoza kutoka kwenye theluji, nikautambua mara moja. Ni ile ghala ya mbegu za dunia iliyofunguliwa Februari 2008, ambapo Wangari Maathai wa Kenya, aliyekuwa amekwisha kupata Tuzo ya Nobel ya Amani, alikuwapo pamoja na waziri mkuu wa Norwei kuingiza shehena ya kwanza. Kifua kikanijaa. Nikajiambia kwamba Afrika Mashariki imewahi kupita mahali hapa kwa heshima zake, ikiwa imebeba mbegu, na leo inapita tena. Sikujua kwamba mama yule alileta mbegu zikahifadhiwa ndani ya mlima, na mimi naleta unga uliokwisha kusagwa kwenda kuupanda kwenye mkanda wa mizigo.

Sasa tuingie ukumbini, na hapa ninaomba mwende nami polepole, kwa kuwa sehemu hii ndiyo mwenzangu ameikata kwenye video yake.

Ukumbi wa kuwasili ni mdogo. Katikati umezungukwa na mkanda wa mizigo, na katikati ya mkanda, juu ya jukwaa lake, amesimama dubu mweupe. Ni ngozi ya dubu wa kweli iliyojazwa, mkubwa, mwenye macho ya kioo yanayokutazama kwa namna ya mtu anayesubiri maelezo. Nilikuwa ninamfahamu. Mwenzangu mwenyewe alikwisha kunitumia picha aliyopiga akiwa mbele yake siku alipofika, na picha hiyo ninayo, na nitaitoa ikihitajika. Kwa hiyo, nyinyi mliocheka mkisema "kaona dubu kachanganyikiwa", fahamuni kwamba nilimsalimu kimoyomoyo nikageukia mizigo.

Ndege ilikuwa imejaa kwa sababu ya ile sherehe ya jua, na abiria wote walikuwa wameuzunguka mkanda: watalii wenye makoti ya thamani, wapiga picha, familia zenye watoto, wanafunzi, na yule mzee wangu aliyesimama mkabala nami upande wa pili wa dubu. Mwenzangu alikuwa amekuja kunipokea, na simu ilikuwa tayari mkononi mwake, akisema anataka kurekodi furaha yangu.

Mizigo ikaanza kutoka. Mifuko ya kuteleza kwenye theluji, mirefu na myembamba. Masanduku magumu yanayong'aa. Kisha likatoka sanduku moja jeusi likiwa na mstari mweupe juu yake. Likafuata jingine, nalo lina mstari. Mama mmoja aliuchukua mzigo wake, akaupangusa, akakitazama kiganja chake, akakinusa. Mimi nilikuwa bado ninatabasamu. Mtu hawezi kujua kwamba unga anaouona ni wa kwake mpaka amwone mwenye unga.

Shangazi alitokea akiwa amelala ubavu. Zipu ilikuwa wazi kutoka mwanzo hadi mwisho, solotepu ikining'inia, kanga ya bibi imeteleza ikashuka chini, na kutoka kwenye ile kona niliyoipigapiga kule nyumbani, mwiko ulikuwa umechomoza nusu nzima, umenyooka mbele, unaongoza msafara. Nyuma yake unga ulikuwa ukimwagika taratibu, bila haraka, kwa utulivu wa kitu kilichokwisha kukubali hali yake. Na dagaa, jamani. Mfuko wa dagaa ulikuwa umepasuka, nao walikuwa wakidondoka mmoja mmoja kwenye mkanda, kila mmoja na kichwa chake, wakipita mbele ya watu walioishi na samaki maisha yao yote na ambao hawajawahi kuona samaki wadogo kiasi hicho wakisafiri peke yao. Harufu ilifika kabla ya begi.

Sasa nitawaeleza nilichokifanya, na mnihukumu mtakavyo. Sikumtambua. Nilimtazama Shangazi, mtu aliyenisindikiza tangu Tanga hadi Ulaya, akapita mbele ya magoti yangu, nikayainua macho yangu nikayapeleka kwa dubu, nikaanza kumchunguza makucha kwa makini ya mtafiti. Akapita. Nikasikia mtoto akiuliza jambo na mama yake akimjibu kwa sauti ya chini. Hesabu niliyoifanya kichwani ilikuwa rahisi: abiria wote watachukua mizigo yao, wataondoka, ukumbi utabaki mtupu, nami nitamwokota Shangazi kwa faragha. Ilikuwa hesabu nzuri. Ilihitaji tu kwamba Shangazi aendelee kuzunguka bila kufanya la ziada.

Kwenye mzunguko wa pili, karibu na kona, ncha ya mwiko iliingia kwenye upenyo kati ya mkanda na ukingo wa jukwaa la dubu. Nilikiona kitendo hicho chote. Niliuona mwiko ukisita, ukapinda kidogo, ukakaza. Mti wa mwembe si mti wa mchezo. Mkanda ulitoa mlio wa kusaga ambao sijawahi kuusikia kwenye mashine iliyo salama, ukatetemeka, na ukasimama. Mizigo yote ya ndege nzima ikasimama. Mazungumzo nayo yakasimama. Katika kimya kile, dagaa mmoja aliyekuwa ukingoni alianguka sakafuni, na ninaapa kwamba nilimsikia akifika.

Akatokea mfanyakazi, kijana mwenye fulana ya kung'aa, akapiga goti, akaishika lebo ya Shangazi, akalisoma jina langu. Alilisoma mara ya kwanza likawa jina la dawa. Alilisoma mara ya pili likawa jina la mji wa Ufini. Ukumbini humo watu weusi tulikuwa wawili, mimi na mwenzangu, na kabla sijaamua kama nitaitika au nitajiunga na kundi la watalii wa Kijapani, mwenzangu alikuwa amekwisha kunyoosha kidole. Kwa mkono wa kulia alikuwa ananirekodi, na kwa mkono wa kushoto ananichongea.

Nilijitokeza. Kwa aibu niliyokuwa nayo nilitaka mambo yaishe upesi, na hapo, badala ya kumsubiri kijana wa watu afanye kazi yake, niliupanda mkanda mwenyewe, nikaushika mwiko kwa mikono miwili, nikakanyaga ukingo wa jukwaa kwa mguu mmoja na kuuvuta kwa nguvu zangu zote. Kijana alisema neno ambalo baadaye nilielezwa kwamba lilikuwa "usi". Mwiko ukachomoka. Na mkanda, ulipoona umeachiwa, ukaendelea na safari yake.

Unga wa sembe uliomwagika kwenye mpira unateleza kuliko barafu yoyote ya Svalbard. Miguu yangu iliondoka kuelekea kulia, mwili ukabaki ulipo, na mkono wangu wa kushoto, bila kuniuliza, ukatafuta kitu cha kushika. Kitu kilichokuwa karibu kilikuwa mguu wa mbele wa dubu. Hapa ndipo maneno yamekuwa mengi, kwa hiyo niweke wazi: sikumkumbatia. Nilimshika. Kumkumbatia ni mikono miwili, nami mkono wa pili ulikuwa na mwiko. Nilimshika mnyama ambaye sheria inamlinda tangu mwaka 1973, nikamtazama machoni kutoka chini, naye akanitazama, na kwa muda fulani tuliishi hivyo, yeye akiwa imara na mimi nikikimbia papo hapo juu ya mkanda unaorudi nyuma, nikiinua magoti, nikikanyaga dagaa. Ndipo nikagundua kwamba nikiendelea kumng'ang'ania nitamwangusha, na sikuona namna ya kuueleza mji mzima wa wachimbaji kwamba dubu wao ameangushwa na mtu wa Tanga kwa ajili ya ugali. Nikamwachia.

Nilikaa. Sitasema nilianguka, kwa kuwa kuanguka kuna mwisho. Nilikaa kwa kishindo, kwa ule upande ambao nimekwisha kuutaja, katikati ya unga, miguu imenyooka mbele na mwiko umesimama mkononi, na mkanda ukanichukua. Nilizungushwa ukumbi mzima mbele ya abiria wote kama bwana harusi anayetembezwa mji, na kwa kuwa Wanorwei ni watu wenye adabu, hakuna aliyecheka. Hilo ndilo lililoniumiza. Walirudisha miguu yao nyuma ili nipite. Mama mmoja alimgeuza mtoto wake atazame ukutani. Na nilipofika upande wa yule mzee wangu wa migodini, ambaye muda mfupi uliopita tulikuwa tukizungumza habari za heshima na viatu, aliinama taratibu, akaninyakulia mfuko wake uliokuwa umekaa pembeni ya bega langu, akasema samahani kwa Kinorwei, na akaniacha niendelee.

Kijana wa fulana ya kung'aa alikibonyeza kile kitufe chekundu nilipokuwa nimebakiza hatua chache nifike nilipoanzia. Kwa hiyo mnaoandika kwamba "alizunguka mara tatu" mnasema uongo. Video imeunganishwa.

Yaliyofuata yalikwenda haraka na sina hamu nayo. Uliletwa ufagio wa umeme. Nilijitolea kufagia, nikakataliwa kwa upole, nikaombwa nisimame mahali ambapo hapana mashine. Mwenzangu alifika akiwa analia kwa kicheko, akapiga magoti, nikadhani anakuja kunisaidia kuinuka, kumbe anaokota dagaa. Aliwaokota wote walioanguka mahali pasafi, akawahesabu kwa macho, akaniuliza unga umebaki kiasi gani. Hakuniuliza mimi nimebaki kiasi gani. Tulipofika kwenye nyumba ya wageni nikavua viatu mlangoni kwa mujibu wa desturi ya wachimbaji, na baada ya zaidi ya miaka mia ya vumbi jeusi, nikawa mtu wa kuacha nyayo nyeupe kutoka mlangoni hadi chumbani. Usiku huo tulikula ugali. Ulikuwa mzuri, na sitasema zaidi ya hapo.

Tarehe 8 tulikwenda kwenye zile ngazi za hospitali ya zamani. Watu walikuwa wengi, watoto wamepakwa rangi za jua nyusoni, wote wameelekea upande ambako miale ingetokea, na jua lilipochelewa nyuma ya wingu, msichana mmoja mdogo aliyekuwa amechoka kusubiri aligeuka nyuma, akaniona, akamvuta baba yake mkono na kufanya ishara ya mtu anayekimbia bila kwenda popote. Baba yake aliinua kofia kunisalimu. Katika mji wa watu 2,500 habari haihitaji mtandao, ila mwenzangu aliona auongezee.

Nilipokuwa ninarudi, nilipita tena uwanjani hapo. Kwenye ukaguzi, dada mmoja alimpitisha Shangazi kwenye mashine, akiwa mtupu na amekunjwa ndani ya mfuko mwingine, akatazama pasipoti yangu, akanitazama usoni, na uso wake ukapambana na kitu. Aliniuliza, kwa adabu kamili, iwapo ni kweli kwamba nilidhani dubu yule ni mzima. Nyuma yangu foleni ilikuwa ndefu. Nilipima moyoni maelezo yote ya ukweli, kuanzia kijiko kilichopinda, zipu, kona ya begi, mwiko, hadi kujifanya simjui Shangazi wangu mwenyewe, nikamjibu kwamba ndiyo, nilidhani ni mzima. Alinihurumia sana. Akaniambia kwamba hutokea.

Wale mnaoniuliza habari za mwiko, ulipata ufa mdogo karibu na kichwa, na mwenyeji wangu ameufunga kwa solotepu iliyobaki kwenye begi na anautumia kila jioni. Kanga ya bibi imefuliwa, imekauka, ingawa bado ina harufu. Video siitumi kwa mtu yeyote, msiniombe. Na juzi amenitumia ujumbe, bila salamu wala pole, kwamba unga umekwisha, na kwamba majira ya joto huko ni mazuri sana, jua halizami kabisa, nikaribie. Nimeusoma. Tiki za buluu anaziona. Sijamjibu.